Faida iliyopotea kwa udanganyifu: sheria ya Uingereza inakurudishia nini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtu aliyeuziwa biashara kwa uongo huja na machungu mawili. La kwanza ni pesa aliyotoa mfukoni. La pili ni pesa ambayo angeipata kama asingekutana na yule mwongo. Hilo la pili ndilo gumu kulieleza mahakamani, na ndilo watu wanalolipoteza ovyo: wanadai faida isiyo haki yao, wanaiacha iliyo haki yao. Majibu haya yanahusu zaidi hilo la pili, kwa sheria ya England na Wales. Uskoti ina sheria yake.

Sheria inaita nini udanganyifu?

Kipimo kinachotumika hadi leo kiliwekwa mwaka 1889 katika kesi ya Derry v Peek. Kampuni ya tramu ya Plymouth iliwaalika watu kununua hisa zake ikisema ina haki ya kuendesha tramu kwa mvuke badala ya farasi. Kumbe haki hiyo ilitegemea kibali cha serikali, na kibali kilipoombwa kikakataliwa kwa sehemu kubwa ya njia. Kampuni ikafa na mnunuzi wa hisa akawashtaki wakurugenzi. Akashindwa, kwa sababu wakurugenzi waliamini kwa dhati walichokiandika. Uamuzi ukawa huu: mtu amedanganya pale tu anapojua kuwa anachosema ni uongo, au haamini kuwa ni kweli, au hajali kabisa kama ni kweli ama uongo. Uzembe mtupu hautoshi.

Ukivuka hapo, unatakiwa kuonyesha kwamba alitaka uyafuate maneno yake, kwamba uliyafuata, na kwamba yamekutia hasara. Si lazima awe alitaka uumie. Mwongo aliyeamini kwamba mambo yatakuja kukunyookea bado ni mwongo.

Alisema atafanya jambo fulani baadaye, hakufanya. Huo ni uongo au ahadi iliyovunjwa?

Inategemea alikuwa na nia gani siku alipotamka. Mwaka 1885, katika Edgington v Fitzmaurice, jaji Bowen alisema hali ya akili ya mtu ni jambo la uhakika sawasawa na hali ya mmeng'enyo wa chakula tumboni mwake. Kwa hiyo anayekuambia "sitafungua duka lingine karibu nawe" huku tayari amepanga kulifungua, amesema uongo kuhusu nia yake ya siku ile. Aliyesema kwa moyo mweupe kisha akabadili mawazo miezi mitatu baadaye hajadanganya. Anaweza kuwa amevunja mkataba, lakini hilo ni shauri jingine.

Basi faida ninayoweza kudai ni ipi hasa?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, na hakuna pa kujifunzia pazuri kama kesi ya saluni ya Bournemouth, East v Maurer, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1990.

Bwana Maurer alikuwa na saluni mbili mjini humo, na jina lake lilikuwa kubwa kwa wateja. Mwaka 1979 aliwauzia saluni moja mume na mke, akina East, kwa pauni 20,000. Kilichowavuta ni neno lake kwamba hana mpango wa kufanya kazi kwenye ile saluni ya pili, labda kukitokea dharura, mfano msusi akiugua. Walipokwisha kulipa, yeye akaendelea kusuka na kukata nywele kule kule, siku zote za kazi. Wateja wakamfuata. Kila mtu aliyewahi kuwa na fundi wake wa nywele anaelewa: mteja hafuati kiti wala kioo, anafuata mkono. Akina East wakabaki na fremu, viti na madeni. Walijaribu kutangaza, wakajaribu kubadilisha huduma, wakajaribu kuuza, na miaka ikapita kabla hawajapata wa kuinunua kwa sehemu ndogo tu ya bei waliyolipa.

Mahakama ya kwanza iliwapa fidia ya vitu kadhaa, ikiwamo pauni 15,000 za faida iliyopotea. Maurer akakata rufani kwa hoja ambayo kwa kuisikia tu inaonekana ina akili: fidia ya udanganyifu hurudisha mtu alipokuwa, haimpeleki mbele, kwa hiyo faida haiingii kabisa. Mahakama ya Rufani ikaikataa hoja hiyo. Ikasema faida inaingia, ila jaji aliipima kwa rula isiyo yake. Jaji alikuwa ameanzia kwenye faida ambayo saluni ile ingeleta kama maneno ya Maurer yangekuwa kweli. Alipaswa kuuliza akina East wangepata nini kama wangechukua pesa ile ile wakanunua saluni nyingine ya aina hiyo katika eneo hilo. Kwa rula hiyo, 15,000 ikashuka kuwa 10,000.

Mtu akiniuliza kesi moja tu ya kusoma, namtajia hii. Faida uliyoahidiwa si yako. Faida ambayo pesa yako na nguvu zako vingezalisha kwingine, hiyo ni yako.

Kwa nini nisipewe ile niliyoahidiwa? Si ndiyo iliyonifanya ninunue?

Najua linauma, na wengi hulisikia kama vile sheria inamlinda mwongo. Sababu yake ni hii. Kosa alilokufanyia ni kukuingiza kwenye biashara ambayo ungeukwepa mlango wake kama ungejua ukweli. Tiba ya kosa hilo ni kukurudisha mlangoni, kisha kuuliza ungekwenda wapi. Biashara aliyoielezea haikuwahi kuwapo duniani, kwa hiyo huwezi kusema uliipoteza.

Mkataba una hesabu tofauti. Muuzaji akikuhakikishia ndani ya mkataba kwamba duka linaingiza kiasi fulani, na kiasi hicho kikawa kifungu cha mkataba, unaweza kudai uwekwe pale ambapo ungekuwa kama kifungu kingetimizwa. Hapo faida iliyoahidiwa inaingia. Ndiyo maana wakili mzuri huuliza mapema: maneno haya yalisemwa tu, au yaliandikwa kama dhamana? Mara nyingine uvunjaji wa mkataba unalipa zaidi kuliko udanganyifu.

Lakini mkataba nao una ukuta wake. Mwaka 1854, katika Hadley v Baxendale, wasagaji wa Gloucester walivunjikiwa mhimili wa mashine ya kinu, wakautuma Greenwich ukatumike kama mfano wa kutengenezea mpya. Msafirishaji akachelewesha, kinu kikasimama, na wao wakadai faida ya siku zile. Wakanyimwa. Hasara ile haikuwa ya kawaida kutokana na ucheleweshaji kama huo, na hawakuwa wamemweleza mambo ambayo yangemfanya aitarajie walipokubaliana. Kwenye udanganyifu ukuta huo haupo, na sasa tuje hapo.

Mdaiwa anasema hakuweza kutarajia hasara yote hii. Ana hoja?

Hana. Bwana Doyle alinunua duka la vifaa vya chuma na ujenzi huko Epsom mwaka 1964, pauni 4,500 kwa ajili ya biashara yenyewe na nyingine 5,000 kwa bidhaa. Aliambiwa mauzo yote hufanyika kaunta. Kumbe karibu nusu yalitafutwa na mtu wa mauzo aliyekuwa akizunguka, na Doyle hakuwa na uwezo wa kumwajiri mtu kama huyo. Mahakama ya kwanza ilimpa pauni 1,500. Mwaka 1969 Mahakama ya Rufani, Lord Denning akiwa kiongozi wa jopo, ikapandisha hadi 5,500 na kueleza kwamba mdanganyifu hulipa hasara yote iliyotoka moja kwa moja kwenye udanganyifu wake, hata ile ambayo hakuna aliyeitazamia. Asiruhusiwe kusimama na kusema "sikujua ungeumia kiasi hiki".

"Moja kwa moja" ndilo neno la kuangalia. Hasara uliyojitakia mwenyewe baadaye haimo.

Nionyesheni kwa hesabu.

Tuchukue mfano wa kutunga. Dada mmoja ananunua mgahawa mdogo Leicester kwa pauni 60,000. Muuzaji amemwonyesha daftari la mauzo la uongo na kumwambia faida halisi ni pauni 40,000 kwa mwaka. Baada ya mwaka mmoja na nusu ya kuhangaika, anafanikiwa kuuza kwa 25,000.

Anaanza na mtaji: 60,000 kutoa 25,000, zinabaki 35,000. Gharama za wakili na mthamini wakati wa kununua ni 3,000. Katika miezi hiyo kumi na minane mgahawa umekula 9,000 zaidi ya ulichoingiza. Hadi hapa ni 47,000, na tumemrudisha tu mlangoni.

Sasa faida. Ushahidi unaonyesha migahawa ya ukubwa ule, mji ule, inayouzwa kwa bei ile, humwachia mwenyewe kama 14,000 kwa mwaka. Kwa miezi kumi na minane ni 21,000. Jaji hatamkabidhi 21,000 nzima. Atakumbuka kwamba mmiliki mpya huchukua miezi kadhaa kuzoeleka, kwamba hata biashara halali huyumba, na kwamba dada huyu hajawahi kuendesha mgahawa. Tuseme anampa 15,000. Jumla inakuwa 62,000.

Tazama kitu ambacho hakimo: zile 40,000 za kila mwaka alizoambiwa. Angeng'ang'ania hizo, angedai 60,000 kwa miezi kumi na minane, na sehemu hiyo ya madai ingeanguka yote, pengine pamoja na imani ya jaji kwake.

Na kitu kingine: kama katika miezi hiyo alikuwa akichota pesa ya nyumbani kutoka kwenye mgahawa, hiyo huhesabiwa upande wake kama alichopokea. Hasara moja hailipwi mara mbili. Ndiyo sababu mhasibu wake lazima aoneshe wazi hasara ya uendeshaji imeishia wapi na faida mbadala imeanzia wapi.

Lazima nitaje biashara fulani ambayo ningeinunua badala yake?

Si lazima, ila ukiweza ni bora zaidi. Akina East hawakutaja saluni maalumu. Ilitosha kwamba walikuwa watu wa kazi hiyo, walikuwa na pesa, na saluni nyingine za aina hiyo zilikuwapo.

Ukitaja biashara maalumu, swali linagawanyika. Je, wewe mwenyewe ungeinunua? Hilo unalithibitisha kama jambo lolote la madai: inatosha kuonyesha kwamba uwezekano wa kuwa ndivyo ni mkubwa kuliko wa kutokuwa. Je, mwenye nayo angekuuzia? Hilo liko mikononi mwa mtu wa tatu, na mahakama hulipima kama nafasi, kwa asilimia. Katika 4 Eng Ltd v Harper, mwaka 2008, wanunuzi walionyesha kwamba kama si kudanganywa wangeinunua kampuni iitwayo Tarvail. Jaji akaona nafasi ya kuipata ilikuwa asilimia 80, akawapa fidia kwa kiwango hicho, ikihusisha faida ya uendeshaji na pia thamani ambayo kampuni hiyo ingeongezeka.

Fikra ya kulipa nafasi iliyopotea ni kongwe. Mwaka 1911, katika Chaplin v Hicks, msichana aliyekuwa miongoni mwa 50 wa fainali ya mashindano ya urembo alinyimwa fursa ya kuonekana mbele ya mwamuzi, na zawadi zilikuwa 12. Hakuna aliyeweza kuapa kwamba angeshinda. Akalipwa pauni 100 hata hivyo.

Kazi yangu ni kufanya biashara ya masoko ya fedha. Nani atajua ningepata kiasi gani?

Hakuna anayejua kwa hakika, na mahakama imekubali hilo bila kukutupa nje. Parabola Investments v Browallia, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2010, ilihusu mfanyabiashara wa masoko mwenye rekodi nzuri. Wakala wa kampuni ya udalali alikuwa akimwambia biashara zake zinaleta faida, kumbe fedha zilikuwa zinayeyuka. Alipogundua, mfuko wake wa mtaji ulikuwa umepungua sana.

Kampuni yake ililipwa kwa vitu vitatu: mtaji uliopotea, faida ambayo ingepatikana wakati udanganyifu ukiendelea, na faida ambayo ingepatikana baadaye hadi siku ya kesi, kwa sababu mtaji wa kufanyia kazi ulikuwa umeibiwa. Hicho cha tatu ndicho watu husahau kudai. Fundi aliyeibiwa cherehani hajapoteza cherehani tu. Jaji Toulson alieleza kwamba mdai akishathibitisha kuwa angepata faida, ugumu wa kukadiria kiasi si sababu ya kumnyima. Mahakama itakadiria kwa kadiri inavyoweza, ikitazama rekodi yake ya nyuma.

Asiye na rekodi yoyote ya nyuma asitegemee ukarimu huo.

Biashara yangu ilipata faida, ila najua ningepata zaidi. Bado nina hasara?

Ndiyo. Kesi ya Clef Aquitaine v Laporte, mwaka 2000, ilikuwa ya msambazaji wa Ufaransa aliyenunua bidhaa kutoka kampuni ya Uingereza. Aliaminishwa kuwa orodha ya bei aliyopewa ndiyo ya bei za chini kabisa wanazolipa wasambazaji wa Uingereza. Haikuwa kweli. Aliuza kwa faida miaka yote, na mdaiwa akasema: mtu aliyepata faida analia nini? Mahakama ya Rufani ikajibu kwamba bila uongo ule angesaini mkataba ule ule na muuzaji yule yule kwa bei nafuu zaidi, na tofauti hiyo ni hasara halali. Mbadala si lazima uwe kwa mtu mwingine. Unaweza kuwa na mwongo mwenyewe, kama ungemlazimisha aseme kweli.

Thamani iliporomoka kwa sababu nyingine kabisa. Nani anabeba mzigo huo?

Mara nyingi, mdanganyifu. Mwaka 1989 kampuni ya Smith New Court ilinunua zaidi ya hisa milioni 28 za Ferranti, kwa pauni zaidi ya milioni 23, baada ya kudanganywa kwamba kuna wanunuzi wengine wanaoshindania. Siku ile senti za tofauti zilikuwa chache: ilinunua kwa peni 82 na robo kila hisa, wakati sokoni wangezipata kwa 78. Baadaye ikafichuka kwamba Ferranti yenyewe ilikuwa imetapeliwa vibaya sana na mtu mwingine, na bei ya hisa ikaanguka.

Mahakama ya Rufani ilihesabu tofauti ya siku ya ununuzi peke yake na kutoa pauni 1,196,010. Jopo la majaji la Bunge la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, likasema mwaka 1996 kwamba mnunuzi alikuwa amenaswa: hisa zile alizinunua kwa mpango wa kukaa nazo, asingeweza kuzitupa sokoni siku ile ile. Likarudisha pauni 10,764,005 zilizokuwa zimetolewa na mahakama ya kwanza. Kanuni ya kuhesabu thamani siku ya ununuzi huwekwa kando pale uongo ulipoendelea kumshawishi mdai ashikilie mali, au pale alipofungwa nayo asiweze kujinasua.

Nilipogundua uongo, niliendelea na biashara kwa matumaini. Nimekosea?

Kuendelea kwa muda wa kutafuta njia si kosa. Akina East waliendelea. Lakini ukishajua ukweli, na mlango wa kutokea ukawa wazi, saa yako imeanza kuhesabu.

Kesi ya Downs v Chappell inaonyesha kwa takwimu. Duka la vitabu lilinunuliwa mwaka 1988 kwa pauni 120,000 kwa hesabu za faida zilizopikwa. Mwaka 1990 wenye duka walishajua ukweli na wakapata ofa za 76,000. Wakazikataa, na soko likazidi kushuka. Mahakama ya Rufani iliwapa 44,000, yaani tofauti ya bei waliyolipa na ofa waliyoikataa. Kilichoporomoka baada ya hapo wakakibeba wenyewe. Siwalaumu, nani anauza bila uchungu kitu alichokilipia akiba yake yote? Ila barua ya ofa ikija, ipeleke kwa wakili wako siku hiyo hiyo kabla hujajibu.

Ananiambia ningekagua vitabu ningeuona uongo wake.

Mwache aseme. Mwaka 1881, katika Redgrave v Hurd, wakili wa Birmingham aliyekuwa akiuza ofisi yake alisema inaingiza pauni 300 hadi 400 kwa mwaka. Alitoa karatasi ambazo, zikisomwa kwa makini, zilionyesha haifiki 200. Mnunuzi hakuzichungulia. Ilikuwa kesi ya kukwepa mkataba, si ya fidia ya udanganyifu, lakini kanuni yake imesimama: aliyekudanganya hawezi kukulaumu kwa kumwamini. Na mwaka 2002 Bunge la Malodi, katika kesi ya benki ya Standard Chartered dhidi ya shirika la meli la Pakistan, liliamua kwamba fidia ya udanganyifu haipunguzwi kwa kisingizio cha uzembe wa aliyedanganywa.

Kama siwezi kuthibitisha kwamba alijua ni uongo?

Usikate tamaa mapema. Sheria ya mwaka 1967 kuhusu kauli potofu, kifungu cha 2(1), inamgeuzia kibao aliyeingia mkataba nawe: yeye ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu za maana za kuamini maneno yake hadi mkataba ulipofungwa. Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1991, katika Royscot Trust v Rogerson, kwamba fidia chini ya kifungu hicho hupimwa kama ya udanganyifu. Uamuzi huo umekosolewa sana na wataalamu, na hata Bunge la Malodi mwaka 1996 halikutaka kuuthibitisha, ila bado haujatenguliwa. Kwa mtu mwenye ushahidi dhaifu wa nia mbaya, hii ndiyo njia ya kutembea. Mashtaka ya udanganyifu hayaandikwi kwa hasira. Wakili haruhusiwi kuyaweka bila msingi wa ushahidi, na kila neno la uongo linatajwa lilisemwa lini, na nani, na kwa njia gani.

Yeye ametajirika kwa uongo wake. Naweza kuchukua faida aliyoipata yeye?

Kwa kawaida, hapana. Tofautisha faida uliyoipoteza na faida aliyoivuna. Katika Halifax Building Society v Thomas, mwaka wa 1996 kwenye ripoti za sheria, mkopaji alipata mkopo wa nyumba kwa kujifanya mtu mwingine, akashindwa kulipa, nyumba ikauzwa na ziada ikabaki. Mkopeshaji alikuwa amekwisha kulipwa deni lake lote. Akaitaka na ziada, akakataliwa.

Mambo hubadilika kama aliyekudanganya alikuwa pia na wajibu wa uaminifu kwako, mfano mbia uliyemkabidhi mambo yako. Katika Murad v Al-Saraj, mwaka 2005, mshirika aliyeficha mpango wake katika ununuzi wa hoteli ya London aliamriwa atoe faida yake.

Mkataba wangu una kifungu kinachosema muuzaji hawajibiki kwa lolote alilosema.

Kifungu hicho hakimkingi na udanganyifu wake mwenyewe. Hilo limesimama tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

Nina muda gani?

Miaka sita, kwa Sheria ya Ukomo ya mwaka 1980. Ila kifungu cha 32 kinasema kwenye udanganyifu muda hauanzi kuhesabiwa mpaka ulipogundua, au ulipoweza kugundua kwa juhudi ya kawaida. Usiistarehee nafasi hiyo. Mabishano ya "uliweza kugundua lini" ni ghali.

Na riba? Na usumbufu?

Riba mahakama inaweza kutoa, na kwa kesi za miaka mingi si haba. Kwa usumbufu na kuvunjwa moyo, hutolewa kiasi cha wastani.

Hukumu hizi zina uzito wowote Nairobi au Dar es Salaam?

Zina uzito wa kushawishi, hazifungi. Kenya ilipokea sheria ya kawaida ya Uingereza (common law, ile inayojengwa na hukumu za majaji) kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na Tanzania Bara kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kila moja kwa kadiri inavyofaa mazingira yake. Derry v Peek iko nyuma ya tarehe zote mbili. East v Maurer iko mbele yake kwa mbali, kwa hiyo wakili huisoma mbele ya jaji kama hoja nzuri ya kufuatwa.

Tanzania ina jambo lake la kuangalia kwa makini. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ilichota kwenye sheria ya India, na kifungu chake cha 19 kinampa aliyedanganywa hiari ya kushikilia mkataba utekelezwe na kuwekwa katika hali ambayo angekuwa nayo kama maneno aliyoambiwa yangekuwa kweli. Yaani rula ile ambayo Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliikataa kwa akina East, hapa imeandikwa kwenye sheria yenyewe. Anayenakili hoja za London na kuzipeleka mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, bila kusoma kifungu hicho anaweza kumpotezea mteja wake pesa nyingi.

Niweke akiba ushahidi gani wa faida?

Ule wa wakati ule ule, kabla ugomvi haujaanza. Tangazo la biashara nyingine ulilolihifadhi kwenye simu, ujumbe uliomtumia dalali ukiuliza bei ya fremu ya mtaa wa pili, barua ya benki inayoonyesha mkopo ulikuwa tayari kwa chochote utakachonunua, hesabu za biashara uliyowahi kuendesha kabla. Nimeona watu wakileta faili nene la uongo wa muuzaji, kurasa kwa kurasa, na hawana hata karatasi moja ya kuonyesha walikuwa wakifikiria kununua nini kingine. Jaji atauliza hilo, na wakili wa upande wa pili ataliuliza kabla yake. Kama ulikwenda kutazama saluni mbili ukaziacha kwa sababu ya hii ya uongo, andika leo tarehe, mtaa, bei uliyotajiwa na jina la aliyekutembeza.

Kisha mtafute mhasibu anayezijua biashara za aina hiyo katika mji huo. Yeye ndiye atakayemwambia jaji saluni ya kawaida ya viti vinne mtaa ule humwachia mwenyewe kiasi gani baada ya kodi ya pango, umeme, mishahara na dawa za nywele.